Mtoki si uchafu: yanayosemwa kuhusu limfu na limfosaiti, na ukweli wake

Makosa mengi kuhusu limfu yana chanzo kimoja: watu huidhania kuwa mtaro wa majitaka ya mwili.

"Limfu ni sumu, inabidi isafishwe." Limfu ni maji yaliyotoka kwenye damu. Kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, huvuja kila wakati, na chakula cha seli hupita kwenye maji hayo. Maji yanayobaki nje huokotwa na mirija ya limfu, lita 3 hivi kwa siku kwa mtu mzima, yakapitishwa kwenye tezi za limfu na kurudishwa kwenye damu, sehemu kubwa nyuma ya mtulinga wa kushoto. Ukila mlo wenye mafuta, limfu ya utumbo hugeuka nyeupe kama maziwa, maana mafuta hupita humo. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Hizo chai za "kusafisha limfu" hazina cha kusafisha.

"Haitembei bila kukandwa." Haina moyo wa kuisukuma, ni kweli. Ila mirija mikubwa ya limfu ina misuli yake inayojibana yenyewe, ina vali za kuzuia isirudi nyuma, na kila hatua unayopiga na kila pumzi unayovuta huisukuma. Kukanda kitaalamu ni tiba ya mtu ambaye mirija yake imeharibika. Mwenye mirija mizima hahitaji.

"Mtoki ukitokea, ukamuliwe uishe." Hapa ndipo watu wanapojiumiza, kwa hiyo tuutazame mtoki, yaani tezi ya limfu iliyovimba, kwa karibu. Umechanika katikati ya vidole vya mguu, bakteria wameingia. Seli za ulinzi zilizo kwenye ngozi huchukua vipande vya bakteria hao na kuvipeleka kwenye tezi za kinena. Humo limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zinapita bila kukoma, na kila moja inatambua umbo moja tu. Zinazolitambua umbo la bakteria hao huenda ni moja kati ya laki moja, au pungufu. Tezi basi huzuia kwa muda limfosaiti zisitoke, ili inayotafutwa isipite bila kuonana na kipande chake. Ikipatikana, huanza kugawanyika, mara kadhaa kwa siku. Tezi inajaa, ganda lake linavutika, na maumivu unayoyasikia ni hayo.

Kuminya tezi hakusaidii kitu, na kama ndani kuna usaha unaweza kuusambaza. Tafuta chanzo. Mtoki wa kinena: kagua nyayo, vidole, mguu mzima, matako na sehemu za siri. Wa kwapani: mkono na titi. Chini ya taya: meno na koo. Kisogoni: ngozi ya kichwa. Chanzo kikipona, tezi hunywea polepole, pengine kwa wiki 2 hadi 4. Kinena kina tabia yake: tezi ndogo ya hadi sentimita 1.5 huweza kupapasika hata kwa mtu mzima wa afya.

Ya kupeleka hospitali ni tezi ngumu isiyosogea, au inayozidi kukua baada ya wiki 4, au yoyote iliyo juu ya mtulinga. Vilevile ikiambatana na homa, kupungua uzito au jasho la usiku linalolowesha shuka. Kifua kikuu cha tezi huvimbisha shingo, mara nyingi bila maumivu, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo.

"Limfosaiti humeza vijidudu." Wamezaji ni wengine: nyutrofili na makrofaji. Miongoni mwa limfosaiti, seli B huzaa zile zinazotengeneza kingamwili, seli T wauaji huziangamiza seli zilizokwisha kuvamiwa na virusi, na seli T wasaidizi huwapa wenzao amri. Ndiyo maana virusi vya UKIMWI vina madhara makubwa hivyo: vinawaua wasaidizi, na hao wengine wanabaki wapo lakini hawaongozwi. Kipimo cha CD4 kinawahesabu hao wasaidizi.

"Limfosaiti asilimia 55, basi zimezidi." Asilimia peke yake hudanganya. Chukua majibu yanayoonyesha seli nyeupe 3,000 kwa kila maikrolita: asilimia 55 ya hizo ni 1,650, na kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni takriban 1,000 hadi 4,000. Kilichopungua ni nyutrofili, na maswali ya daktari yaelekee huko. Kwa watoto wadogo, limfosaiti kuwa nyingi kuliko nyutrofili ni kawaida. Tena damu hubeba asilimia 2 tu hivi ya limfosaiti zote. Zilizobaki zimo kwenye tezi, bandama, uboho na kuta za utumbo.

"Nimechanjwa leo, nimeshakingika." Ile safari ya kutafutana ndani ya tezi na kugawanyika huchukua siku, na kingamwili za kutosha huhitaji wiki 1 hadi 2.

"Mguu wa matende hauna la kufanyiwa." Dawa ya minyoo ya matende hairudishi mirija ya limfu iliyoharibiwa na minyoo hiyo, lakini kinachoukuza mguu zaidi ni bakteria wanaoingia kwenye nyufa za ngozi mara kwa mara. Uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, ukaushwe taratibu, hasa katikati ya vidole, na nyufa zitibiwe mapema. Ukikaa, uinue mguu. Ukilala, inua upande wa miguu wa kitanda. Na kifundo kichezeshwe juu na chini mara kadhaa kwa siku, isipokuwa siku ambazo mguu umewaka moto na kuuma.