Cheti cha msitu hakikatazi shoka

Ukitaja cheti cha FSC, baraza la kimataifa linaloweka viwango vya utunzaji wa misitu, huku Kilwa, utasikia, "Basi msitu umefungwa, hatukati tena." Sivyo. Misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti hicho mwaka 2009, na mipingo ikaendelea kuuzwa, ile inayochongwa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, Ulaya. Kinachotazamwa ni namna ya kukata: miti mingapi, yenye unene gani, nani kanufaika. Gogo hupigwa alama, kisiki nacho, ili mkaguzi arudi nyuma hadi pale mti uliposimama. Wakaguzi hawa si wa serikali wala wa kijiji, na huja kila mwaka. Cheti chenyewe huisha baada ya miaka 5. Alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ambayo wengi huichanganya na cheti, huonyesha uhalali wa gogo tu.