"Shirikishi" kwenye andalio la somo

Nimelisikia tena, mara hii kwenye mafunzo ya walimu huku Chake Chake. Mwenzetu alisimama kutusomea andalio lake la somo, sayansi, mada ya uvukizi, yaani maji kugeuka mvuke. Alipoulizwa atatumia mbinu gani akajibu bila ya kusita: "Shirikishi. Nimeweka vikundi." Ukumbi mzima tukatikisa vichwa kukubali, na mimi nimo. Tangu siku hiyo roho haijatulia.

Mbinu shirikishi ni namna ya kufundisha inayomfanya mwanafunzi aingie kwa fikra zake katika kulijenga somo. Maana ndiyo hiyo, haihitaji semina. Lakini neno lenyewe tukilitazama linatudai zaidi.

Asili yake ni Kiarabu. Mzizi huo ndio uliotupa shirika, ushirika na mshirika, hata ushirikina, na yote hayo yana fikra moja ndani yake: kuwa na fungu katika kitu. Watu wakiwa na shirika la chombo, kila mmoja ana chake humo. Huyu katoa mbao, yule kanunua tanga, wa tatu kaleta nyavu. Aliyesimama pwani siku chombo kinashushwa, hata angepiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, si mshirika. Kiswahili kikalichukua neno na kulifinyanga. Shiriki ikazaa shirikisha, yaani kumpa mwengine fungu, na shirikisha ikazaa shirikishi, kama elekeza ilivyozaa elekezi na chokoza ikazaa chokozi. Elekezi ni kile kinachoelekeza. Shirikishi basi ni kile kinachompa mtu fungu. Hapo hapajatajwa idadi ya watu wala namna ya kupanga madawati.

Sasa kitazame kikundi chenyewe. Watoto sita wamezunguka karatasi moja kubwa, kalamu ya rangi moja. Kalamu inakwenda kwa anayejua kuandika vizuri, na wa pili yake anamtajia maneno. Wawili wanazungumza yao. Mmoja anabandua rangi ya dawati kwa ukucha, na wa sita kashika ncha ya karatasi isipeperuke kwa upepo wa dirishani. Muda ukiisha karatasi imejaa, inabandikwa ukutani, tunapiga makofi. Yule mshika ncha ameshirikishwa nini?

Na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, wanafunzi wote wamekaa safu kwa safu, anaweza kuwa shirikishi kuliko sote. Nimemuona mmoja, mada ile ile ya uvukizi. Kiganja kimoja kabeba karafuu mbichi, chengine kavu. Akauliza: "Pishi moja ya hizi, zikikauka bado ni pishi? Kilichopungua kimekwenda wapi?" Kisha akanyamaza. Watoto wa Pemba wamezikimbilia karafuu majamvini mvua ikitanda tangu wakiwa wadogo. Wanajua zikinyewa zitakuwa mpeta, karafuu zilizoharibika, na bei itaanguka. Hicho ndicho walichokuja nacho skuli, na swali lile lilikiita kwa jina.

Kunyamaza kule nako kuna elimu yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kama sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na watoto zaidi hujitokeza. Mmarekani mwengine, Frank Lyman, mwaka 1981 alieleza mbinu ya hatua tatu: mwanafunzi afikiri peke yake, azungumze na jirani yake, kisha wawili hao wawaeleze wenzao darasani. Hatua ya kwanza ndiyo tunayoiruka kila siku. Tunawakalisha pamoja kabla hawajapata cha kuleta, ni kama kuanzisha shirika na watu wasio na mtaji.

Andalio nalo linasema jambo hilo hilo. Limetoka kwenye andalia, na kuandalia lazima pawe na mtu anayeandaliwa. Ni ukoo mmoja na andazi. Mpishi hutaka kujua wageni ni nani na wangapi kabla hajakanda unga, nasi tunaandika andalio tukimfikiria mkaguzi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, vikundi vyako usivifute, vina kazi yake. Ila pale ulipoandika "wanafunzi watajadili uvukizi katika vikundi", liandike swali lenyewe, neno kwa neno. Andika kila mtoto atakaa nalo dakika ngapi peke yake, na ataandika nini kwenye daftari lake kabla ya kusogea kwa wenzake. Na kalamu za rangi, ukiweza, ziwe sita.