Unywele Unaodondoka Leo Ulilala Miezi Mitatu Iliyopita

Wagonjwa wanaonyonyoka nywele huja na ushahidi. Hatujamaliza hata kusalimiana, mfuko wa nailoni umeshatua mezani, ndani yake bonge la nywele za wiki nzima zilizookotwa bafuni, kwenye mto na kwenye kitana. Naushukuru mfuko huo, maana kazi yangu ya kwanza imo humo. Huchomoa unywele mmoja na kuutazama ncha zote mbili kwenye mwanga.

Kila siku tunasema "nywele zinakatika" tukimaanisha mambo mawili tofauti. Unywele uliokatika umevunjika njiani, kwa dawa ya kulainisha, kwa moto wa pasi au kwa kusuguliwa ovyo. Ulionyonyoka umetoka mzima, na kwenye ncha moja una kinundu kidogo cheupe, mithili ya kichwa cha njiti ya kiberiti. "Daktari, si unaona unatoka na mzizi!" huniambia. Mzizi umebaki kichwani. Kinundu kile kinaonyesha tu kwamba unywele umemaliza zamu yake.

Hapo ndipo huuliza: miezi mitatu iliyopita ulikuwa na hali gani? Wengi hushangaa, kwa sababu wamekuja kuishtaki shampuu waliyoanza kutumia juzi. Kisha wanakumbuka. Nilikuwa nimelazwa. Nilipasuliwa. Nilikuwa na homa siku tisa.

Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na kila mmoja unafuata kalenda yake. Hukua miaka 2 hadi 6, hutumia wiki mbili tatu kufunga kazi, kisha hupumzika kama miezi 3 kabla ya kudondoka na kumpisha mwingine. Kwa kuwa haziendi pamoja, kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida lisiloonekana. Sasa mwili upigwe na kishindo: homa kali, damu nyingi kupotea, upasuaji mkubwa. Mwili hubana matumizi. Moyo hauwezi kuambiwa usubiri, unywele unaweza. Kundi kubwa la nywele linaamriwa kulala siku zilezile, na kwa kuwa zimelala pamoja, zitaondoka pamoja. Hali hii kitaalamu huitwa telojeni efluviamu, jina lililotolewa na daktari wa ngozi Albert Kligman mwaka 1961.

Ukatili wake uko kwenye ratiba. Zinaanza kunyonyoka kidonda kimeshafunga, umerudi kazini, na waliokuwa wakikujulia hali wameshaacha kupiga simu.

Nayajua haya kwa vitabu na kwa kichwa changu mwenyewe. Kidole tumbo changu kilipasuka, nikaingia chumba cha upasuaji na homa juu. Wiki ya kumi na moja baadaye nilikuwa nasuuza nywele, nikaona maji hayashuki kwenye tundu la bafu. Kwa miaka nilikuwa nimewaambia watu "zitaota tu", na bado nilikaa kwenye kigoda nikazihesabu. Nikazihesabu tena kesho yake. Kwa wiki mbili nikaandika idadi kwenye daftari, jambo ambalo namkataza kila mgonjwa, kwa sababu hesabu haibadilishi kitu ila usingizi wako. Kilichonituliza kilikuwa kucha zangu. Kwenye vidole gumba kulikuwa na mfereji uliokatisha ukucha, alama ambayo daktari Mfaransa Joseph Beau aliieleza mwaka 1846. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukipima umbali wa mfereji unakaribia tarehe ya ugonjwa. Nikapima. Kucha na nywele zilikuwa zinasimulia tukio lile lile.

Kunyonyoka huku kwa kawaida huendelea miezi 3 hadi 6 kisha kunapungua. Nywele huwa chache, lakini ni nadra kupoteza zaidi ya nusu. Upara wa kichwa kizima si tabia yake. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba kukoma kunyonyoka si kurudi kwa mwonekano. Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Aliyekuwa na nywele za mabegani ajipange kwa muda mrefu. Mimi nilizipunguza fupi, na wembamba ukaacha kuonekana sana.

Osha nywele. Watu huacha kuosha wiki mbili kwa woga, halafu siku ya kuosha linatoka bonge la kutisha. Nywele zile zilikuwa zimeshaachia; maji yanazisindikiza tu. Kinachodhuru kweli ni msuko wa kubana na rasta nzito, kwa sababu huvuta zile chache zilizobaki. Wigi nyepesi isiyo na gundi au kilemba havina shida.

Vidonge vya "kuotesha nywele" sivipendi. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini B, na bayotini nyingi huweza kupotosha vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya thairoidi na hata kile cha moyo kiitwacho troponini. Bora nipime wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini) na thairoidi, hasa kwa aliyevuja damu nyingi au asiyekula vizuri tangu upasuaji. Madini ya chuma nayatoa kipimo kikisema yamepungua. Protini ya kutosha ni lazima, maana unywele wenyewe ni protini. Na usiache dawa ya daktari mwingine kwa kuishuku. Ipo inayosababisha haya, lakini uamuzi huo tuufanye pamoja naye.

Si kila kunyonyoka baada ya hospitali ni huku. Baka moja kisogoni, wiki chache baada ya upasuaji mrefu, mara nyingi ni ngozi iliyolaliwa muda mrefu bila kichwa kugeuzwa. Kwa kawaida huota tena. Dawa za saratani hushambulia nywele zikiwa bado zinakua, ndiyo maana huondoka ndani ya wiki 2 hadi 3. Lakini mabaka laini, usaha, muwasho mkali, nyusi kupukutika, ngozi inayong'aa isiyo na vinyweleo, au kunyonyoka kunakopita miezi 6: usikae nyumbani ukisubiri.

Mwezi wa saba tangu upasuaji, muuguzi wangu aliniuliza kwa nini nywele za kipaji zimesimama kama nimeona jini. Zilikuwa fupi, ncha zimechongoka, hazijawahi kukutana na mkasi. Nilijaribu kuzilaza kwa mafuta. Hazikulala.