Busheli Ngapi kwa Ekari? Ekari Zipi?

Wiki iliyopita niliulizwa tena swali ambalo huulizwa kila Septemba. Aliyeuliza ni kijana wa kutoka kwetu anayeendesha lori la nafaka hapa Saskatchewan, mkoa wa Kanada, na kwa kuwa hupita wilaya nyingi kwa siku moja, macho yake huona mengi. Alisema: "Kaka, kule kusini-magharibi wamekwisha kuvuna zaidi ya nusu, na hawa wa kaskazini-mashariki hawajafika hata robo. Hawa si wamezembea?" Nilimjibu kwa upole, lakini nimechoka. Mimi ni mshauri wa mazao, na hukumu hiyohiyo nimeisikia kwa wenye mashamba ya kukodisha, kwa maofisa wa mikopo, na kwa wakulima wenyewe wanapopigiana simu jioni na kila mmoja akataja asilimia yake ya mashamba yaliyovunwa na busheli zake kwa ekari, yaani kipimo cha nafaka cha huku, kana kwamba wote wanapima kwa kipimo kimoja.

Tuanze na asilimia, ambayo haihitaji maneno mengi. Asilimia ya mashamba yaliyovunwa hueleza zaidi aina ya mazao na hali ya hewa kuliko bidii ya mtu. Kusini-magharibi hulima dengu na njegere kwa wingi, nazo hukauka mapema. Kaskazini-mashariki kuna kanola nyingi, zao la mbegu za mafuta, ambayo huchelewa. Ukijumlisha mazao yote katika namba moja, wa dengu ataonekana ametangulia hata kama wote wawili wamevuna kila ekari siku ileile iliyofaa. Tena ripoti ya mkoa hutenganisha kilichovunwa na kilichokatwa na kulazwa mistarini kikisubiri kombaini, mashine ya kuvunia, na msomaji mwenye haraka huruka safu hiyo ya pili.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kumaliza mapema ni kushinda. Mwaka 2021 uvunaji ulianza mapema na kwenda kwa kasi ambayo wengi hawakuwa wameizoea. Kombaini zilipita mashambani bila kulemewa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzilemea: ukame na joto la Juni na Julai vilikausha ngano ikiwa fupi, suke likiwa na punje chache na nyembamba. Uzalishaji wa ngano wa Kanada nzima ulishuka kutoka takriban tani milioni 35 mwaka 2020 hadi takriban milioni 22. Mtu aliyetazama asilimia peke yake mwezi Agosti wa mwaka ule angeandika kwamba wakulima wanafanya vizuri, na kuna walioandika hivyo. Niliwatembelea watu ambao walimaliza kazi yote kabla ya Septemba kuanza, wakaegesha mashine, kisha wakakaa mezani wakihesabu deni.

Sasa busheli. Busheli hapa si ujazo tena, ni uzito uliokubaliwa kwa kila zao: ngano pauni 60, kanola 50, shayiri 48, oti 34. Kwa hiyo busheli 100 za oti ni kilo 1,542 tu, na busheli 100 za ngano ni kilo 2,722. Ukivuka mpaka kwenda Marekani, oti zilezile huhesabiwa kwa pauni 32, na jirani wa North Dakota hupata busheli nyingi zaidi kutoka lundo lilelile. Sisi tuliokulia kwenye magunia hatupaswi kushangaa, maana gunia la mahindi la kilo 90 la Kenya na la kilo 100 la Tanzania yote huitwa gunia, na lumbesa nayo huitwa gunia. Anayelinganisha mazao mawili tofauti aongee kwa kilo, basi.

Unyevu pia. Ngano huhesabiwa kuwa kavu ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 14.5, na kanola usiozidi 10. Aliyevuna kwa unyevu wa 18 akapata busheli 100, akiikausha hadi 14.5 atabaki na kama 96, na hizo nne zilizopotea zilikuwa maji. Katika vuli yenye mvua, wilaya nzima inaweza kutangaza namba za nafaka mbichi huku wilaya nyingine ikitangaza za nafaka kavu.

Hapo sijafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni ekari. Kila mtu hubishana juu ya busheli, namba ya juu, na hakuna anayeuliza habari ya namba ya chini tunayogawia. Nitaeleza kwa shamba moja nililolifuatilia mwenyewe karibu na Melfort, kaskazini-mashariki. Nilikuwa ndani ya kombaini pamoja na mwenye shamba, jioni, tukivuna ngano kwenye bonde lenye udongo mzito, na kioo cha kipimo cha mavuno kilicho mbele yetu kikaonyesha busheli 74 kwa ekari. Akanigusa bega, akapiga picha ya kioo na kumtumia shemeji yake wa upande wa Swift Current, kusini-magharibi. Baada ya dakika chache tulipanda kilima chenye changarawe na kioo kikashuka hadi 30 na kitu, lakini hapo hakuna aliyepiga picha. Tulipomaliza, wastani wa kioo ulikuwa 57. Kipimo hicho hupima jinsi punje zinavyogonga kibamba ndani ya mashine, kisha hukisia. Kisiporekebishwa kwa kupimia mzigo halisi, hukisia vibaya, na msimu ule hakikuwa kimerekebishwa tangu zao la kwanza.

Kesho yake tulikusanya stakabadhi zote za mizani. Jumla ilikuwa tani 202.4, yaani busheli 7,437. Shamba lenyewe huitwa robo, na robo ni ekari 160, lakini ndani yake mna mabwawa matano ya maji ya theluji, kichaka cha miti na njia ya magari, na mashine ya kupandia ilikuwa imerekodi ekari 143 zilizopandwa. Kwa ekari hizo, mavuno ni busheli 52. Unyevu ulikuwa 16.5, ukitoa maji ya ziada, unabaki na chini kidogo ya 51. Ukiigawia ngano hiyo kavu ekari 160 ambazo hulipiwa kodi, ni 45. Shamba moja, msimu mmoja, ngano ileile: 74, 57, 52, 51, 45. Shemeji alibaki na 74, na kwa wiki mbili aliamini kwamba ardhi yake haifai.

Takwimu rasmi nazo zina ekari zake. Mavuno ya kitaifa hutolewa kwa ekari iliyovunwa, si kwa ekari iliyopandwa. Mwaka wa ukame, shamba bovu kuliko yote hukatwa likiwa bichi na kufungwa marobota ya malisho, au ng'ombe huingizwa humo, na hapo hutoka kabisa kwenye hesabu ya nafaka. Wastani unaobaki ni wa mashamba yaliyostahimili. Wilaya mbili zinaweza kuonyesha wastani uleule huku moja ikiwa imepoteza ekari nyingi kimyakimya, na pengo halisi kati yao ni kubwa kuliko lile linaloonekana kwenye jedwali.

Kisha kuna ekari ya miaka miwili, ambayo ndiyo hunifanya nipandishe sauti. Katika udongo wa kahawia wa kusini, eneo ambalo msafara wa uchunguzi wa John Palliser wa miaka ya 1857 hadi 1860 ulilitaja kuwa kavu mno kwa kilimo, wakulima kwa vizazi kadhaa walilima mwaka mmoja na kupumzisha shamba mwaka uliofuata ili udongo uweke maji. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana, kwa sababu ya kupanda bila kulima na kwa sababu ya dengu, lakini haijaisha, na namba zake za zamani bado zinanukuliwa. Tuseme shamba lililopumzishwa linatoa busheli 36. Hizo ni mvua za miaka miwili na ardhi ya miaka miwili, kwa hiyo kwa mwaka ni 18. Jirani anayepanda kila mwaka na kupata 28 hucheka peke yake, kwa sababu jedwali linamweka nyuma. Nimeona jedwali la namna hiyo likiwekwa mbele ya kijana aliyekuwa akikodi ardhi kwa mara ya kwanza, naye akakubali bei ya kodi iliyojengwa juu ya zile 36 ilhali alipanga kupanda kila mwaka. Alidumu misimu miwili. Sikuwa mshauri wake wakati ule, na jambo hilo bado linaniuma, maana kikokotoo na swali moja vingetosha.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kulinganisha maeneo kwa kilo za nafaka kwa kila milimita ya maji. Tuseme shamba la udongo wa kahawia limetoa kilo 2,400 kwa hekta kwa maji ya milimita 240: hizo ni kilo 10 kwa milimita. La udongo mweusi, wenye maji zaidi, limetoa 3,600 kwa milimita 400: ni 9. Mwenye 2,400 ndiye aliyetumia vizuri alichopewa, na kama kuna la kujifunza, tukajifunze kwake. Swift Current hupata takriban milimita 350 za mvua na theluji kwa mwaka mzima. Kumlinganisha mkulima wa huko na wa udongo mweusi kwa busheli tupu ni kumpima kwa mvua ambayo haikumnyeshea.

Nakiri kwamba kipimo changu nacho kina udhaifu. Mvua ya msimu ni rahisi kupima, lakini maji yaliyokuwa ardhini wakati wa kupanda mimi huyapima kwa fimbo ya chuma: naisukuma kwa uzito wa mwili mpaka ikatae, na kina kile nakiita udongo wenye maji. Fimbo hukataa ikikuta udongo mkavu, na hukataa vilevile ikikuta jiwe. Makadirio yangu ya kabla ya mavuno, ya kuhesabu masuke na punje, mara nyingi hupita kiasi, kwa sababu mguu hukwepa sehemu tupu na mkono huenda kwenye suke zuri bila mtu kukusudia. Idara ya takwimu ya taifa siku hizi hutumia picha za setilaiti na data za hali ya hewa kwa makadirio ya Agosti na Septemba, kisha huwauliza wakulima wenyewe mwishoni mwa mwaka. Setilaiti haikwepi sehemu tupu, lakini huona ukijani wa majani, na shamba lililopigwa na joto wakati wa kuchanua maua linaweza kuwa kijani na kukosa punje. Kwa hiyo namba ya Septemba mimi huiandika kwa penseli.

Na zipo ekari ambazo sina hakika ya kuziweka wapi. Mwaka 2019 theluji na mvua vilikuja kabla watu hawajamaliza, na baadhi ya kanola ikalala mistarini chini ya theluji mpaka masika ya 2020. Niliivuna sehemu moja pamoja na mwenyewe: mistari ilikuwa imeshikana na ardhi, panya walikuwa wamekula njia ndani yake, na punje zilizotoka zilikuwa nyepesi, nyingine zikiwa zimepoteza weusi wao. Nimeziandika chini ya 2019, kwa kuwa ndiyo mvua iliyozikuza. Mwenye shamba ameziandika chini ya 2020, kwa kuwa ndipo alipozipeleka mizani, na kila tunapolinganisha madaftari yetu, miaka hiyo miwili hukataa kukubaliana.