Shirika la ndege likisema “tunabana matumizi”, linabana nini?

Neno ni moja, lakini ndani yake mna mambo mawili yasiyo na undugu wa karibu.

La kwanza ni kubana mafuta. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ya ukaa. Inazidi uzito wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni hujishika na oksijeni ya angani. Ndege nzito huunguza mafuta zaidi, na hapa Dodoma suala la uzito linaonekana vizuri. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi: ndege iliyojaa hukimbia zaidi kabla ya kupaa, au inapunguziwa mzigo. Ukipunguza uzito, au ukaruka safari fupi kwa ile ndege ya mapanga tunayoiita pangaboi, umeokoa pesa na umepunguza moshi kwa mkupuo mmoja.

La pili ni kubana watu. Mpakia mizigo akiachishwa, ndege ni ile ile na moshi ni ule ule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama cha wafanyakazi kabla ya kupunguza mtu. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, ila hesabu ya lazima inakomea miaka 10. Aliyebeba masanduku miaka 20 anahakikishiwa siku 70 tu. Mimi naona ni kidogo.

Mkanganyiko huanza mambo haya yakitiwa kapu moja. Kampuni mama ya British Airways iliahidi Oktoba 2019 kufikia uzalishaji sifuri wa hewa ya ukaa ifikapo 2050, yaani kile itakachoendelea kutoa kifidiwe kwa kuondoa kiasi kile kile angani. Aprili 2020, corona ikiwa imesimamisha safari, British Airways ikatangaza mpango wa kupunguza hadi watu 12,000. Julai ikastaafisha Boeing 747 zake zote. Madege hayo ya injini nne kweli yalikunywa mafuta. Lakini watu wale walipunguzwa kwa kukosa abiria, na kuwahesabu kwenye “uendelevu” kungekuwa kujivika kilemba cha ukoka.

Kwenye ripoti ya shirika lolote, tafuta gramu za hewa ya ukaa kwa kila abiria kwa kilomita. Idadi ya wafanyakazi isome kwenye ukurasa wa mishahara.