Tangi la Mafuta Lipumue, Lisiteme

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Buhongwa, Igoma au Kirumba, hapa Mwanza, si ajabu kukuta pikipiki yenye kipande cha nailoni kilichobanwa chini ya mfuniko wa tangi. Mwenyewe atakueleza kwamba petroli ilikuwa ikimrukia mapajani kila akifunga breki au akishuka kilima, ndiyo akaziba. Kweli haimrukii tena. Ila sasa pikipiki inazima njiani bila sababu inayoonekana, na huenda ameshanunua plagi mpya na kufungua kabureta mara mbili.

Kilichotokea ni kwamba ametibu ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine. Tangi lolote la mafuta, la pikipiki, la Noah, la Fuso au la mashine ya boti, lina kazi mbili zinazogombana: linatakiwa kupitisha hewa, na halitakiwi kupitisha mafuta. Matengenezo mengi mabaya ya mtaani yanaua kazi moja ili kuokoa nyingine.

Tuanze na hewa. Kila lita ya mafuta inayotoka tangini inaacha nafasi ya lita moja, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa kutoka nje. Kwenye pikipiki ya kabureta petroli hushuka kwa uzito wake tu. Kimo chake kutoka tangini hadi kwenye kabureta ni kama sentimita 20, kwa hiyo nguvu inayoisukuma ni ndogo mno. Tundu la hewa likiziba, mvuto unaojijenga ndani ya tangi unaishinda nguvu hiyo upesi, petroli inasimama kushuka, injini inazima. Ukifungua mfuniko unasikia "fyuu" ya hewa ikiingia, unawasha, unaondoka, na baada ya kilomita chache mchezo unaanza tena. Dalili hiyo peke yake inatosha kukuambia kwamba shida iko kwenye mfuniko, si kwenye kabureta.

Gari lenye pampu ya umeme halizimi kirahisi hivyo, na hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Pampu inaendelea kuvuta hata tangi likiwa halipumui. Mgandamizo wa hewa ya nje ukizidi wa ndani kwa sehemu moja ya kumi tu, upande wa tangi wenye sentimita 30 kwa 40 unabeba mzigo wa zaidi ya kilo 100. Bati linabonyea, maungio ya kona yanapata nyufa, na kesho yake mwenye gari analeta tangi linalovuja akidhani limegongwa na jiwe.

Upande wa pili ni joto. Petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua tangi la pikipiki la lita 11, lijaze hadi mdomoni kwa petroli iliyotoka kwenye tangi la chini ya ardhi la sheli, kisha iache pikipiki juani kwenye mawe ya Mabatini mpaka petroli ipande nyuzi 20. Imeongezeka kiasi cha mililita 220, karibu glasi nzima, na mahali pa kwenda hakuna isipokuwa kwenye tundu la hewa. Wengi wanaolalamika kwamba mfuniko wao "umeharibika" wana mfuniko mzima kabisa. Kilichoharibika ni namna ya kujaza.

Mwanza ina jambo lake la ziada. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam. Dumu lililofungwa kisawasawa pwani hufika huku limevimba. Ukilifungua ghafla linatema, hasa petroli iliyokuwa juani. Legeza kifuniko nusu mzunguko, subiri mlio uishe, ndipo ufungue. Fanya hivyo hivyo kwa gari lililotoka safari ya mchana. Na uusikilize mlio wenyewe: hewa inayotoka tangini ni joto na mvuke, jambo la kawaida, hewa inayovutwa kwenda ndani kwa nguvu ni tundu lililoziba.

Sasa tuone watengenezaji wanavyoyapatanisha mambo hayo mawili. Juu ya tangi la gari la kisasa kuna vali ndogo ya plastiki, ukubwa wa kopo la filamu ya kamera ya zamani. Ndani yake kuna boya lenye sindano juu, na chini ya boya springi nyembamba. Springi hiyo imepimwa iwe dhaifu kidogo kuliko uzito wa boya. Gari likiwa wima, uzito unashinda, boya linakaa chini, tundu liko wazi, tangi linapumua. Mafuta yakipanda mpaka kwenye vali, yanalinyanyua boya, likisaidiwa na springi, na sindano inaziba tundu. Gari likipinduka, boya linataka kuelea kwenda juu, mbali na tundu ambalo sasa liko chini. Lakini uzito wake na springi vinasukuma upande mmoja na kulibana tunduni. Vijisehemu vitatu tu, na vinafanya kazi bila umeme. Malori mengi yana kitu rahisi zaidi, gololi ya chuma inayoviringika na kuziba bomba la hewa lori linapolala ubavu.

Kanuni Namba 34 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu tangi lililogeuzwa kuvuja gramu 30 kwa dakika na si zaidi, yaani chini ya vijiko vitatu vya mezani vya petroli. Kiwango hicho kidogo kinatunzwa na springi ile nyembamba. Fundi anayeichomoa vali kwa sababu "inaziba mafuta yasiingie haraka sheli" ameondoa kinga yote ya gari kupinduka, na mwenye gari hatajua mpaka siku litakapolala mtaroni.

Kwa nini tuwe wakali hivi kwa vijiko vitatu? Kwa sababu kinachowaka ni mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwanza haina siku ya baridi kiasi cha kuizuia. Lita moja ikiisha kuyeyuka hewani hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke, na mvuke ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa unawaka. Lita moja basi inatosha kukifanya chumba cha mita 2.4 kila upande kiwe bomu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi dirishani. Unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango, unafika jikoni.

Hapa nina neno la pekee kwa madereva wa bodaboda wanaolala na pikipiki ndani ya chumba kwa kuogopa wezi. Sababu yenu tunaielewa. Lakini koki ikiachwa wazi na sindano ya kabureta ikishikwa na uchafu, petroli inashuka usiku kucha na kutokea kwenye kimpira cha chini ya kabureta. Tone moja kwa sekunde linaonekana si kitu, na hadi asubuhi ni zaidi ya nusu lita chini ya kitanda. Funga koki kabla hujazima injini, iache iungurume mpaka izime yenyewe kwa kumaliza petroli iliyo kwenye kabureta, ndipo uiingize. Usiilaze pikipiki ubavu. Na kwenye chumba chenye pikipiki kusiwe na jiko la mkaa, mshumaa wala kibatari. Kama koki yako haifungi kabisa, ibadilishe wiki hii; ni kifaa cha bei ndogo.

Kuhusu kujaza: pikipiki ijazwe mpaka usawa wa mwisho wa chini wa shingo ya tangi, ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Gari lijazwe mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza, basi. Ile tabia ya kumwambia kijana wa pampu "ongeza ifike elfu kumi kamili" inapeleka petroli mbichi kwenye kopo la mkaa maalumu linalonyonya mvuke, ambalo magari mengi ya petroli yanalo. Mkaa ukilowa haunyonyi tena, gari linanuka petroli na huwaka kwa shida baada ya kujaza. Kwa malori, sheria ya Marekani inataka tangi litengenezwe lisiweze kujazwa zaidi ya asilimia 95. Dereva wa Fuso anaweza kujiwekea kipimo hicho mwenyewe.

Lori lenye matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba la chini lina mtego mwingine, na milima yetu inaufichua. Ukiliegesha kwenye mteremko wa Isamilo, ubavu mmoja ukiwa chini, mafuta yote yanahamia tangi la upande huo na kusukumwa nje kwa tundu lake la hewa. Asubuhi barabara ina ziwa la dizeli, na pikipiki ya kwanza kupita inateleza. Funga koki ya bomba la kuunganisha kabla ya kushuka kwenye lori. Kama haipo, iwekwe. Bomba lenyewe liwekewe bati la kinga, maana ndilo kitu cha kwanza kugongwa na jiwe.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji gereji. Injini ikiwa imepoa, sehemu ya wazi, simu na sigara mbali. Toa mfuniko, tazama oringi, ile raba ya mviringo inayozuia mafuta yasipite pembeni: ikiwa na nyufa, imekakamaa au imelegea, mafuta yatapita pembeni hata kama tundu la hewa ni zima. Pitisha hewa ya pampu ya baiskeli kwenye tundu. Mifuniko mingi ina vali ya kuingiza hewa tu, hivyo pampu kwa upande wa nje, hewa itokee ndani. Usitumie msumari kupanua tundu. Fuata mpira wa hewa kutoka tangini hadi mwisho wake. Unatakiwa upande kwanza juu ya tangi, ndipo ushuke, mdomo ukitazama chini, mbali na ekzosi na nje kabisa ya sehemu wanapokaa abiria. Mara nyingi mdomo huo unakutwa umejaa tope au kiota cha nyigu. Kutafuta uvujaji mdogo, kausha tangi kwa kitambaa, paka unga wa chaki kwenye maungio, ngoja nusu saa: pale palipogeuka rangi ndipo panapovuja.

Mpira wa mafuta usibadilishwe kwa mpira mweupe wa maji. Petroli inanyonya kilainishi kilichomo ndani yake, unakuwa mgumu kama kijiti na kupasuka kwenye maungio. Vipande vya tyubu navyo vinavimba na kuwa laini. Omba mpira mweusi wa petroli wenye nyuzi ndani, na ubane kila mwisho kwa klampu, si waya.

Sabuni ya mche inaziba ufa mdogo kwa sababu haiyeyuki kwenye petroli. Inayeyuka kwenye maji, hivyo mvua moja inaiondoa. Itumie kukufikisha kwa fundi tu. Na fundi asichomelee tangi la petroli eti kwa kuwa "ni tupu". Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Tangi lililooza libadilishwe.

Wavuvi wa Igombe, Kayenze na visiwani wana tangi la kubeba, lenye skrubu ya hewa juu ya mfuniko. Mashine ikifanya kazi, skrubu iwe wazi. Mashine ikizimwa, ifungwe, na mpira wa mafuta uchomolewe, kwa sababu tangi lililofungwa juani linaisukuma petroli yenyewe hadi kwenye mashine. Jaza tangi nchi kavu. Petroli ikimwagika botini mvuke wake unalala kwenye ngama, chini ya mbao, usipopaona. Inua mbao, kausha, ngoja harufu iishe, ndipo uvute kamba.

Chombo kikishapinduka, zima swichi, toa watu, sogeeni upande unakotoka upepo, angalau mita 50, na mpige 114 kwa Zimamoto. Asiwepo wa kukinga mafuta kwa dumu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Gari likishainuliwa lisiwashwe hapo hapo. Kwanza lisukumwe mbali na mafuta yaliyomwagika, betri ikiwa imechomolewa. Kisha ikaguliwe vali ya juu ya tangi, kopo la mkaa na mipira yote, kwani vali iliyoshikilia lita 40 kichwa chini inaweza kubaki imekwama imefunga, na ikikwama tangi hilo halitapumua tena mpaka vali ibadilishwe.