Mwanafalsafa Bachir Diagne: tunayoyadhani na yalivyo

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita hapa Mtwara. Jioni moja barazani Mikindani akasema anataka kusoma falsafa chuoni, na maneno aliyojibiwa ndiyo yamenikalisha niandike kuhusu Souleymane Bachir Diagne, Msenegali aliyezaliwa Saint-Louis mwaka 1955. Maisha yake yanayajibu karibu yote.

"Falsafa ni ya walioshindwa hesabu." Diagne alipomaliza sekondari alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea uhandisi Lyon, Ufaransa. Akaiacha, akachagua falsafa, Paris. Hesabu hakuzitupa: tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Sorbonne, ilimhusu George Boole, Mwingereza aliyeifanya mantiki ihesabike kwa 1 na 0. Kompyuta hufuata hesabu hiyo, na vilevile simu tunazopokelea bei ya mnada wa korosho.

"Atakula nini?" Diagne alifundisha Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, Dakar, kwa takriban miaka 20. Katika miaka ya 1990 alikuwa mshauri wa Rais Abdou Diouf wa Senegal. Mwaka 2008 akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

"Atapotea dini." Hili alilisema bibi wa mpwa wangu, kwa uchungu wa kweli, nami sikulipuuza. Lakini Diagne ni Mwislamu, na ameandika vitabu kuhusu Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa Mwislamu wa Bara Hindi, na kuhusu falsafa ndani ya Uislamu. Elimu ya mantiki masheikh wa kale waliisoma sambamba na nahau na fiqhi. Si mgeni aliyeingia jana.

"Falsafa ni ya Wazungu, sisi tuna methali." Hapa ndipo penye uzito. Methali zetu zina fikra nzito, sizidharau. Kosa ni kudhani Mwafrika aliwaza kwa mdomo peke yake. Diagne amelipinga hilo kwa miaka mingi, akielekeza macho Timbuktu, mji wa kale wa elimu nchini Mali, ambako wanazuoni walinakili vitabu, wakavifafanua na kubishana pembezoni mwa kurasa. Kiwolofu na Kihausa navyo viliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Na kwetu je? Kilwa iko mkoani Lindi. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi hizohizo, zimehifadhiwa Goa, India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana. Mtoto wa Lindi humaliza shule bila kuambiwa hili, na mimi naumia kila nikilifikiria.

Nilipoyaeleza haya barazani, bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema sanduku la marehemu mumewe lina makaratasi ya namna hiyo, na tangu mzee afariki hakuna aliyeweza kuyasoma. Mpwa wangu akaomba ayaone. Bibi akaenda ndani kutafuta ufunguo.